Waini ya Nusu Bei

Leo nimempokonya baba mkwe glasi ikiwa mdomoni. 😳

Yeye na mama mkwe walikuja huku kwetu Mukurweini kuona nyumba yetu mpya. Mara yao ya kwanza!

Mimi nilikuwa nimepata waini nyekundu kwa duka moja Nyeri mjini, nusu ya bei ya supamaketi. Nikajiona mjanja sana.

Nilipoifungua, kifuniko kilizunguka tu, bila ule mlio wa kukatika wa chupa mpya. Nikapuuza, nikamimina.

Kisha harufu ikanifikia. Kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha.

Mzee alikuwa ameshafanya maombi, ameinua glasi hadi mdomoni.

Nikamrukia.

Waini yote kwa shati lake jeupe. Bwanangu akaangalia chini.

"Mama Kimani, unaninyima kwa nyumba ya mtoto wangu?" mzee akaniuliza.

"Baba, hii chupa ilifunguliwa kabla yetu. Siwezi kukupa."

Akaichukua, akanusa. Akanusa tena. Akampa mama mkwe, naye akageuza uso haraka.

"Leta chai," mzee akasema polepole. "Na kesho tunaenda kwa hiyo duka, mimi na wewe."

Nyinyi mkipata waini ya bei nafuu, mnaangalia nini kwanza?