Baka Jeupe la Ng'ombe wa Mama

Nilishuka Karatu kununua shanga nyeupe. Nilikuwa nadarizi picha ya ng'ombe wa mama kwenye kitambaa cheusi, na lilikuwa limebaki baka la usoni tu. Muuza shanga akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akaitazama picha, akacheka.

"Dada, watalii hawanunui ng'ombe. Fumua, weka simba."

Fumua! Damu ilinichemka. Kwetu Ngorongoro hatuhesabu ng'ombe wakirudi jioni. Tunamtambua kila mmoja kwa mabaka yake. Siku baka hili lilipokosekana zizini, mama hakugusa chakula.

Nikamnyang'anya kitambaa changu.

"Simba namjua vizuri, kaka," nikamwambia. "Ndiye aliyemla huyu ng'ombe. Sasa unataka amle mara ya pili, kwa sindano yangu mwenyewe?"