Nukta Alizoziona Mama

Mama alikuwa fundi wa nguo hapa Kitengela, na meza yake ya kukatia vitambaa ndiyo niliyosomea shahada yangu ya uzamili. Nilikuwa nachunguza nyota kubwa sana, zinazong'aa kupita kiasi na kubadilika mwangaza, ambazo hupuliza gesi kama upepo. Vipimo vilitoka kwenye darubini ya nchi nyingine; mimi nilivichambua kwa kompyuta. Nilitaka kujua kama upepo huo hutoka sawasawa pande zote.

Asubuhi moja Mama alikuta nimetandaza grafu mezani, kila usiku wa vipimo na karatasi yake, nukta zikionyesha mwanga wa nyota umeelemea upande gani. Akazipanga kama vipande vya gauni, akazitazama.

"Hizi nukta mbona zinahama?" akauliza. "Hapa ziko kushoto, hapa ziko juu, hapa zimeshuka."

"Ni makosa ya vifaa tu, Mama. Wewe huwezi kuelewa."

"Sawa," akasema. Akazikusanya vizuri, akanirudishia. Hakuuliza tena habari za nyota.

Mwezi uliofuata presha ilimpanda akiwa kwenye cherehani, akaanguka. Tulimkimbiza hospitali Kajiado. Siku ya nne akafariki, bila kutuambia neno.

Niliporudi kwenye kazi yangu, nililinganisha nyota yangu na nyingine tulivu, iliyopimwa kwa darubini ileile, usiku uleule. Nukta za ile tulivu hazikusogea. Basi vifaa havikuwa na kosa. Nyota yangu ilikuwa ikitoa upepo wake kwa mabonge, mara upande huu, mara ule.

Msimamizi wangu alifurahi sana. Akaniuliza kwa simu niligundua vipi kwamba nukta zinahama.

"Niliona tu," nikamwambia.

Siku ya tatu nikampigia, nikamweleza ukweli, kwamba Mama ndiye aliyeziona kwanza. Akasema niuandike kwenye tasnifu, nami nikauandika kwenye ukurasa wa shukrani.

Nilimsomea Baba ukurasa huo akiwa dukani kwa Mama, akikunja vitambaa ambavyo wateja walikuwa bado hawajavichukua.

"Mama yako aliniambia, siku ile ya karatasi," akasema. "Alidhani amekuharibia kazi."

Nikashika upande wa pili wa kitambaa, tukaendelea kukunja.