Mwaka Majirani Walipofungwa Macho Wakala Ugali Wangu

Mwaka ule tulikula mlenda asubuhi, tukala mlenda mchana, na jioni tukabadilisha kidogo, tukala mlenda. Mahindi yalikauka yakiwa yametoa mbelewele tu, na mwenye mtama ndiye aliyekuwa na ugali. Mtu wa kwetu Ihanja ukimtajia mwaka wa mlenda hakuulizi ni upi. Ndio mwaka mjukuu wangu alipokuja kufanya utafiti jikoni kwangu, na mimi niliyeishia darasa la nne nikajua mambo ya takwimu ambayo nikianza kuyaeleza kanisani, wanawake wananikimbia wanahamia benchi la mbele.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho. Nimemlea mimi, kichwa kile nimekinyoa mimi. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kilimo. Alishuka kwenye basi na begi, kompyuta, na kiroba cha mtama mweupe, mbegu mpya. Kazi yake ilikuwa kujua kama watu wa huku wataupenda ugali wa mtama ule mweupe kuliko ugali wa mtama wetu mwekundu. Asipopeleka majibu yanayoeleweka, havai joho na wenzake. Na mimi habari ya joho nilikuwa nimeshamweleza kila mtu, hata wapita njia ambao hawakuniuliza.

Sasa mjue pia kwamba ule mtama mwekundu ni wangu. Mbegu nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa, na kila mavuno nachagua masuke yaliyoshiba nayaning'iniza juu ya moshi. Kwa hiyo upande wangu ulikuwa unajulikana kabla sufuria haijapata moto.

Mara ya kwanza alifanya hivi. Aliita majirani, nikasonga ugali wa aina mbili, kila mtu akala huu na huu, halafu akatakiwa atoe alama kwa kila ugali, moja mpaka tano. Moja mbaya, tano mtamu sana. Basi wakala. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa msikitini, mwenye ulimi unaoweza kunyoa ndevu, aliulizwa wa kwanza.

"Tano," akasema.

"Na huu mwingine, mama?"

"Tano."

"Yote sawa?"

"We mtoto, mimi nimekaribishwa hapa. Unataka nimwambie bibi yako kapika pumba?"

Wote wakasema tano. Kwetu ukikaribishwa chakula husemi vibaya. Ukikuta jiwe kwenye tonge unalimeza na unashukuru. Mjukuu wangu akachukua zile tano akazitia kwenye kompyuta, akatafuta wastani, wastani ukatoka tano kasoro kidogo, kwa sababu mzee mmoja asiyesikia vizuri alisema nne akidhani anaulizwa watoto wake. Akamtumia mwalimu wake wa chuo.

Mwalimu alipiga simu kesho yake mchana. Mjukuu akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeona data zako. Umechukua adabu za watu, umezijumlisha, ukazigawanya kwa idadi yao. Umeniletea wastani wa adabu."

Mtoto akavuta kompyuta karibu.

"Na hata kama wasingetoa tano wote, bado. Tano ni tamu kuliko mbili kwa kiasi gani? Hizo si kilo za alizeti uziweke kwenye mzani. Umechagua hesabu kabla hujajua umeshika kitu gani mkononi. Rudia. Ukikosea tena tutaonana mwakani."

Nilitaka kumnyang'anya simu nimwambie yule mwalimu maneno yangu mawili matatu, lakini mjukuu alishaikata. Akakaa kwenye kigoda anakwangua ukoko wa sufuria na kijiko, hali, anakwangua tu. Mimi nikaona joho linaondoka, linapita barabara kuu, linaelekea njia panda ya Mkiwa bila kuaga.

Asubuhi aliamka kabla yangu, ameshanawa uso.

"Bibi, watu hawana kosa. Njia ndiyo iliyokosea. Siwaulizi tena kama ni mtamu. Kila mtu anakula wote wawili, anachagua mmoja. Basi."

"Na wale wasiopenda ugali wa mtama kabisa?"

"Hao nao wanachagua. Simpimi huyu na yule. Kila mtu anapimwa na mdomo wake mwenyewe."

Nikasema hilo nalielewa. Lakini wakiona rangi, mwekundu wanaujua ni wa nani, watauchagua kwa ajili ya uso wangu. Akacheka. Akasema ameshalifikiria, watafungwa macho kwa vitenge. Na yeye mwenyewe atawageuzia mgongo wakila, asijue sahani ipi ni ipi, asije akawashawishi kwa sauti. Mimi nitakuwa jikoni peke yangu, napakua sahani mbili kwenye sinia, nazifunika, naamua kwa kurusha sarafu upi ukae kulia. Anayekula akimaliza anafunika sahani zake, anaonyesha mkono, ndipo mjukuu anageuka na kuweka punje ya maharage juu ya kitambaa cha sahani iliyochaguliwa, sinia linarudi kwangu. Mimi nadondosha ile punje kwenye kopo la mwekundu au kopo la mweupe.

"Na usitoke nje, Bibi. Uso wako una kelele."

Kabla ya siku yenyewe alinifundisha jambo moja ambalo lilinikosesha kupika mchana. Alisema kama ugali wote ni sawa mdomoni, basi kuchagua kwa watu ni kama kurusha kitu juu na kuona kimeangukia wapi. Mimi nikaleta vizibo vya soda. Tukarusha, vikawa vinapenda upande mmoja.

"Kizibo kina upendeleo," akasema, "kama wewe tu."

Tukarudi kwenye sarafu. Akasema turushe mara sawa na idadi ya walaji, tuone pande mbili zimeachana kiasi gani, turushe tena, na tena. Jamani, nilinogewa. Mara nyingine upande wa kichwa unazidi kidogo, mara nyingine unazidiwa, lakini kuzidiana sana sana ilikuwa adimu. "Hiyo ndiyo bahati, Bibi," akaniambia. "Makopo yakiachana kidogo namna hii, hatuna la kusema. Yakiachana kuliko sarafu zinavyoachana, hapo tuna neno." Nilirusha sarafu mpaka kuku wakaacha kuogopa mlio wake.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Kila niliposikia kicheko nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa mlango, uso hakuna aliyeuona. Wanawake wazima wamefungwa vitenge machoni, wanapapasa sahani kama vifaranga. Jirani yangu alipofungwa akasema, "Hata siku ya ndoa sikufichwa hivi, na nilichokuja kukiona sikukipenda." Alipofika kwenye tonge la pili akatafuna, akatafuna, yule mwanamke, mpaka nikadhani limemkaba. Kisha akaonyesha kushoto kwa nguvu, kama anamtaja mwizi. Hapo nikajua mjukuu amepata njia. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyesifiwa, na kila mmoja alisema la moyoni.

Masinia yakawa yanarudi. Punje kwenye kopo la mweupe. Kwenye la mweupe tena. La mwekundu, nikapumua. La mweupe. La mweupe. Niliyajua makopo kwa mlio, lile la mwekundu lilikuwa bado linalia kama tupu, lile la mweupe limeshaanza kulia kwa ndani. Nilikasirika? Nilikasirika. Nilisonga ugali mwekundu wa mwisho kwa hasira mpaka ukang'aa.

Halafu mjukuu akaja mlangoni, jasho linamtoka.

"Bibi, mtu mmoja hajaja, amekwenda msibani Mtinko. Idadi niliyomwahidi mwalimu inapungua. Nakufunga macho, nakuchanganyia sahani mwenyewe, unachagua haraka."

Sahani zilikuwa hapo. Kopo la mwekundu lilikuwa hapo, lina njaa. Na ugali wangu mimi naujua hata usingizini, hata kwa harufu ya kitambaa kilichoufunika. Kitenge kingenifunga macho, pua kingeifunga na nini?

Nikamwambia, "Mimi niliyesonga sichagui."

"Bibi, ni mmoja tu."

"Umeniambia uso wangu una kelele. Mdomo wangu je?"

Akaniangalia. Akaangalia yale makopo, asijue ndani kuna nini. Akasema taratibu, "Basi hayupo ni hayupo. Naandika pengo." Akarudi nje, na mimi nikakaa chini nimejaa furaha. Mtoto angeweza kunilazimisha, hakunilazimisha.

Tukamwaga makopo juu ya ungo, mbele ya watu wote. Hakukuwa na haja ya kuhesabu ili kuona, lakini alihesabu. Mweupe ulikuwa umeuacha mwekundu mbali, kuliko sarafu zetu zilivyowahi kuachana siku ile nzima, na kompyuta nayo ikasema vilevile. Mjukuu alinishika mabega akanitikisa kama mti wa maembe. Jirani akapiga vigelegele bila kujua tunashangilia nini. Nilivipiga na mimi, kwa sauti kuliko yeye, mtama wangu ukiwa umeshindwa hapo hapo miguuni pangu. Alikuwa amewauliza watu wakamjibu kweli. Nani katika ukoo wetu aliwahi kufanya hivyo?

Joho alivaa. Picha ninayo ukutani, mgeni akiingia namgeuza shingo aione.

Mwalimu wake alikuja baadaye, kumbe ni mama mnene mpole, akanisalimia shikamoo na kuinama. Nilimpikia ugali wa aina zote mbili. Alikula, akanawa, akauliza, "Bibi, kazi imekwisha, haiharibiki tena. Wewe mwenyewe unaupenda upi?"

Jirani yangu akasogea. Mjukuu wangu akaacha kukusanya vyombo. Nje shamba langu lilikuwa na mtama mweupe mwingi, na pembeni, mistari michache ya mwekundu, na kila mmoja wao alikuwa ameiona.

Nikamwambia, "Mimi niliyesonga sichagui."