Mayai Tisa ya Chiriku

Watu wa Lodwar wanaelewa mfugo wa kukamua, wa kuchinja au wa kutoa mahari. Ndege anayetoshea kwenye kiganja, anayekula ulezi na kuimba tu, hawamwelewi. Nilipohamishwa kutoka Kakuma nikafika hapa nimekumbatia tundu la waya lenye chiriku watatu, jirani yangu mpya aliniuliza kama nitawala na ugali au na wali. Nilimjibu vibaya. Hatujapatana mpaka leo, na sijutii.

Chiriku wenyewe hawakuwa wangu. Walikuwa wa rafiki yangu Mkongomani, tuliyefundisha naye shule moja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mume wake ndiye aliyewafuga: dume mmoja na majike wawili, si wa porini bali wa kufugwa, mwili rangi ya majivu na mdomo mwekundu kama pilipili. Dume alilelewa kwa mkono tangu kinda. Yule bwana alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akiwawekea maji, na ndege akauiga. Kila akimaliza wimbo wake mwenyewe anaongeza kipande cha mluzi ule, sauti mbili za juu na moja ya chini. Bwana alipofariki, mluzi ulibaki kwa ndege.

Mwaka uliofuata rafiki yangu alipata nafasi ya kwenda ng'ambo na binti zake wawili. Ndege hawaruhusiwi kwenye safari hiyo. Aliniletea tundu nyumbani, akaliweka mezani, akabaki amelishika.

"Mwalimu, minakuachia bale ndege," alisema. "Usibauzishe. Chiriku dume anajifunzaka wimbo kwa baba yake. Huyu anazeeka. Akikufa bila mtoto, sauti ya bwana yangu inaisha."

Nikamwahidi atapata mtoto. Niliahidi kirahisi, kama mtu anayeahidi kuja harusini.

Joto la Lodwar si la mchezo, hata kwetu tuliozaliwa humu. Mayai ya kwanza yalikuwa viza, ya pili yalipasuka. Nikajifunza taratibu. Nilisaga maganda ya mayai ya kuku ili majike wapate nguvu ya kutaga. Mama, aliyebaki kijijini, alinisukia kikapu kidogo cha majani ya mkoma kiwe kiota. Gunia la mkonge nililoweka ubavuni mwa tundu nililimwagia maji asubuhi, mchana na jioni, upepo ukipita hapo upoe. Kila nikitoka shuleni nilikimbilia gunia kabla ya kuvua viatu. Rafiki yangu alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na swali lake lilikuwa moja: kuna mtoto? Nilianza kuziogopa Jumapili.

Kisha majike wote wawili wakataga ndani ya kikapu kimoja. Yai moja, matatu, sita. Yalipofika tisa yakaishia hapo, madogo kama njugu, na majike wakayaatamia wamebanana bega kwa bega, dume naye akiwapokea zamu. Baada ya siku sita niliyamulika kwa tochi ya simu. Manane yalikuwa na mishipa myekundu. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kitu kisichokuwa changu.

Wiki hiyohiyo kaka yangu alikuja kutoka Nakalale kuuza mbuzi. Yeye ni mchungaji wa mifugo, na kwake mimi ni mtu aliyepotezwa na shule. Alichungulia ndani ya tundu, akahesabu kwa kidole.

"Ejok, vizuri, mwalimu," alisema. "Mayai tisa unaweka nyumba moja? Joto ikiua moja, inaua yote. Sisi hata mbuzi kumi tunagawanya, hii inaenda huku, ile inaenda kule. Wewe ulisomea nini?"

Mimi ni mbishi. Hakuna aliyewahi kunipa ushauri kuhusu ndege nisimrushie maneno. Lakini huu uliniingia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Baba aliligawa kundi lake kila kiangazi. Mwaka mmoja mbuzi wa upande mmoja walikwisha wote. Wa upande wa pili wakarudi, na hao ndio walionisomesha. Ningebishana vipi na kitu kilichonifikisha darasani?

Kalobeyei, karibu na Kakuma, alikuwapo mama mmoja Mrundi, fundi wa nguo, aliyewahi kufuga chiriku pamoja na marehemu mume wa rafiki yangu. Nikampigia, akakubali. Jumamosi alfajiri nikamtoa jike mmoja na mayai manne. Jike nikamtia kwenye boksi la viatu lenye matundu. Mayai nikayapanga ndani ya kopo lenye pamba, nikalifunga tumboni kwa leso yapate joto langu. Gunia nilililowesha hadi likachuruzika. Nilikuwa na hakika saa tisa alasiri nitakuwa nimerudi.

Kalobeyei, jike hakukikubali kiota kipya kwenye tundu la yule fundi. Alining'inia kwenye waya, moyo wake ukionekana kupiga chini ya manyoya. Tulitoka nje tumpe nafasi, tukarudi, tukatoka tena. Yule mama fundi alisema tusubiri kidogo, huenda akatulia. Nikasubiri. Nilijua gunia la Lodwar linakauka, nikajiambia dume na jike mwenzake wana maji kwenye bakuli. Nilipokubali kuondoka, magari yalikuwa yamekwisha.

Asubuhi jike alikuwa bado kwenye waya na mayai yamepoa. Mama fundi alivunja moja tuone. Ndani kulikuwa na kinda lililoanza kuumbika, jicho moja jeusi, kubwa kuliko kichwa chenyewe. Hakulivunja la pili.

Lodwar nilifika mchana. Gunia lilikuwa kavu kama ubao na bakuli limepinduka. Jike aliyebaki alikuwa amekufa juu ya mayai, mbawa amezikunjua juu yake, mdomo wazi. Hakuondoka. Ndege mwenye akili angeondoka. Dume alikuwa kwenye kona yenye kivuli, hai.

Mayai yale matano hayakuanguliwa hata moja, na jike wa Kalobeyei naye alikufa siku ya tatu. Nilitafuta jike mwingine wa aina yao Lodwar, Kakuma, hata Kitale, sikupata.

Nilimchukia kaka kwa muda mrefu, na nilimwambia. Alishangaa. Akaniuliza, upande ule mwingine ulimwachia nani? Kila kundi la baba lilikuwa na mtu wake, analala nalo na kulinywesha. Hilo nililijua tangu utotoni, sikulifikiria hata kidogo. Niliigawa mali ya watu nikiwa peke yangu, halafu nikatafuta wa kulaumu.

Dume sasa anaimba kuliko zamani. Chiriku asiye na jike huimba hivyo, anaita. Anaanza asubuhi, hanyamazi mpaka jua lizame, na mimi kuna siku namfunika kwa kanga kwa hasira.

Jumapili ya kwanza sikushika simu. Ya pili nikashika, na kabla sijapanga la kusema, ndege akaanza nyuma yangu.

"Nani huyo anaimba?" rafiki yangu aliuliza. "Ni baba ao ni mtoto?"

Kinywa changu kilisema, "Ni mtoto."

Alipiga kigelegele. Akawaita binti zake waje wasikie, nikasikia viti vikisukumwa huko kwao. Ikabidi nisogeze simu kwenye tundu na kuishikilia. Ndege aliimba wimbo wake wote, akamalizia na ule mluzi, akarudia, akarudia tena.

"Amejikaza," rafiki yangu alisema mwishowe, sauti imelowa. "Lakini hapo mwisho anakosea. Ya baba yake ilikuwaka muzuri kuliko. Si kitu, angali mutoto. Baba yake atamufundisha."

"Ndiyo," nikamwambia. "Atamfundisha."