Siku Niliyojihoji Mwenyewe Kwenye Reli

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Ndiyo, ni mimi yule karani aliyesimamisha malori ya Muheza juani akingoja treni iliyokwisha kupita. Siikani aibu yangu. Nilijitakia mwenyewe, tena kwa uroho.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa Kibondei, penseli sikioni, najiona. Daktari wa ofisi yetu ya afya mjini Tanga alitaka kujua madereva, watu wazima wenye leseni zao, wangapi wanashika usukani wamelewa bangi, mirungi, majuni na mambo ya namna hiyo, maana malori ya mkonge yalikuwa yakiingia mitaroni mchana kweupe. Akanipa daftari, akanipa gari dogo la ofisi (leseni yangu ilikuwa bado inanuka wino, kila nikipita natazama kama watu wananiona), akanipa na siku yangu ya mwisho: "Jumamosi usiponiletea ukweli, unarudi kwenye mitaro ya mbu." Na mimi mitaro ile nilikuwa nimeitumikia miaka miwili, nachota viluwiluwi vya mbu kwa upawa, shemeji zangu wananicheka. Bora kufa!

Basi nikauliza. Loo, jamani, madereva wa Tanga wote walikuwa mawalii! "Wallahi sijawahi." "Mimi? Hata ugoro unanipalia." Mmoja macho yake mekundu, shavu limevimba mirungi, ananiambia ni vumbi la barabara. Daftari zima likawa hapana, hapana, hapana.

Alhamisi nikaenda Muheza kwa Mzee Nasoro, Mwarabu wa pale, dereva wa lori la machungwa, ambaye akisema neno wenziwe wote hufuata. Alikuwa anatawadha. Akanipokea mkewe, Bi Zuwena. "Shikamoo, bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, mbona umejishika kiuno?" Nikamwambia mashimo ya barabara yameniua mgongo. Akaingia ndani, akatoka na kahawa na kisahani chenye vipande vyeusi vinang'aa samli. "Kula kimoja tu, mwanangu. Ni dawa yangu ya mgongo."

Nikala. Ilikuwa tamu, ina iliki, inayeyuka ulimini. Nikajisemea, ebo, kashata hii, dawa gani! Pwani nzima mgeni hubembelezwa ale mpaka aombe radhi, leo mimi naambiwa kimoja tu? Huu ni uchoyo, umevalishwa kanzu ya dawa. Bibi wa watu alipogeuka kufuata birika, nikachopoa viwili vingine, vyote mdomoni, nikafuta vidole kwenye soksi. (Majuni, ile bangi inayopikwa kwa samli na sukari, nilikuwa nimeiandika katika kila ukurasa wa lile daftari, lakini yenyewe sijapata kuiona kwa macho. Mtafiti huyo!)

Mzee Nasoro akaja, nikamuuliza, akanijibu, "Sijawahi, karani." Nikaaga, nikawasha gari kurudi mjini.

Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Kisha nikaona miti ya njiani inanipita kasi ya kutisha, nikasema leo nakimbia kupita kiasi, nitaua mtu, nikawa napiga honi mfululizo ili watu wanipishe. Akanipita mama mmoja ana kapu la machungwa kichwani, anatembea kwa miguu, tena taratibu. "Hujambo, baba? Gari limeharibika?"

"Kaa pembeni, mama!" nikamjibu. "Huoni ninavyokimbia?"

Nikafika pale reli inapokatiza barabara. Treni ikaja kweli, nikasimama kama sheria inavyotaka, ikapita, abiria wakanipungia mkono nami nikawapungia. Halafu nikasikia nyingine. Nikangoja. Bado naisikia, dudududu, inakaribia tu haifiki (ulikuwa moyo wangu, lakini nani wa kuniambia?). Nyuma yangu malori yakajipanga, honi zinalia, na madereva wenyewe ni wale wale niliowahoji!

Mzee Nasoro, aliyekuwa anapeleka machungwa yake Tanga, akashuka. "Karani, wangoja nini?"

"Treni."

"Imepita."

"Ngoja hiyo nyingine."

Akainama, akanitazama machoni. "Kwangu umekula nini?"

"Dawa ya mgongo. Kimoja." Akaendelea kunitazama. "Vitatu."

Akajishika kichwa. "Lahaula! Majuni, vipande vitatu!"

Mngedhani hapo ningenyamaza. Thubutu! Mimi mtu wa kazi, nikashuka na daftari, nikasimama katikati ya reli, nikajihoji kwa sauti kubwa mbele ya halaiki: "Bwana Mhina, umewahi kuendesha gari umelewa?" Nikajijibu kwa hasira, "Wallahi sijawahi!" Watu walianguka chini. Dereva mmoja alicheka mpaka akatapika.

Mzee Nasoro akamwachia mwenziwe lori, akaniingiza kiti cha pembeni, akaendesha yeye. Yeye peke yake hakucheka. Tulipokaribia Mabawa, mlangoni mwa mji, akasema, "Wewe umesimama. Mimi mwaka jana, siku tatu natafuna mirungi sijalala, sikusimama. Treni ilinichukulia ubao wa nyuma wa lori. Zuwena hajui mpaka leo." Akabadilisha gia. "Kesho ukipata akili, andika."

Usiku ule niliwaza sana. Ningeweza kuficha, gari halikuwa na mkwaruzo. Lakini asubuhi nikafungua ukurasa mpya, mstari wa kwanza nikaandika: Mhina, karani, majuni, ndiyo. Nikapanda basi mpaka Muheza, pale malori yanapopakia, nikausoma kwa sauti. Hakucheka mtu. Mzee Nasoro akasimama, "Wa pili niandike mimi," akasimulia yote. Kisha wakaja, mmoja mmoja, wengine wananivuta kando kunong'ona, wengine wanasema hadharani na machozi. Hadi alasiri penseli imebaki kipande cha kushika kwa kucha.

Jumamosi daktari akasoma. "Huyu wa kwanza ni nani?"

"Ndiye mimi, bwana daktari."

Akasoma tena mpaka mwisho. Akaomba ufunguo wa gari, nikauweka mezani, nikaiona mitaro yangu ya mbu, kila mmoja naukumbuka kwa jina. Ndipo akanisogezea daftari. "Nenda na njia ya kaskazini, mpaka Moa, ukawahoji na madereva wa huko. Kwa baiskeli."

Jamani, nilitoka pale kifua mbele kama bwana harusi! Usukani sijaushika tena tangu siku ile, na nimeapa sitaushika mpaka nazikwa. Lakini njia nzima ya Moa, kila nilipoegesha baiskeli, madereva walikuwa wameshanisikia. Walicheka kwanza, wakacheka tena, kisha wakaniambia ukweli.