Macho Mawili Yakipatana

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Hawakufika katika chumba hiki. Saa mbili asubuhi, binti wa miaka sita ameketi kitini, jicho lake lenye nguvu limezibwa kwa kibandiko, na lile legevu linahangaika kutunga shanga kwenye uzi. Analia.

"Lia, bibi yangu, lakini tunga," anasema mtaalamu wa mazoezi ya macho, ambaye watoto humwita Mama Shanga.

Mama wa binti hawezi kuvumilia. "Daktari ameshampasua, makengeza yamekwisha. Ya nini kumtesa mwanangu? Leo ndiyo mwisho, hatuji tena."

Mama Shanga hapandishi sauti. Upasuaji, anaeleza, umenyoosha macho tu. Kuyafundisha kutazama pamoja ni kazi nyingine, na utoto haungoji mtu.

Analijua hilo mwilini mwake. Naye alizaliwa na makengeza. Utotoni, kila jioni, bibi yake alimketisha kizingitini, akamfunga leso jichoni kwa kubahatisha, wakatunga shanga pamoja huku akimtania: "Mke mwenzangu, ukikosa tundu, babu yako namchukua peke yangu!"

"Natamani kuisikia tena sauti ile," anasema, "na marashi ya ile leso."

Upasuaji wake ulikuja akiwa mtu mzima. Macho yalinyooka, hayakupatana. "Hadi leo nikimimina chai, meza hunywa kwanza."

Anabandua kibandiko. Anafunga kamba yenye shanga moja nyekundu kwenye kitasa cha mlango, na ncha ya pili anaishikiza kwenye pua ya binti.

"Tazama shanga. Unaona kamba ngapi?"

Binti anakaza macho. "Mbili! Zinakutana kwenye shanga!"

Mama anashika kichwa. "Mungu wangu! Anaona viwiliviwili! Mmemharibu!"

Mama Shanga anacheka hadi anajifuta machozi. "Kila jicho limeleta kamba yake, mama. Zamani moja lilikuwa limelala. Njoo ujaribu."

Mama anainama, anashikilia kamba puani. "He! Hata mimi, mbili." Anamkumbatia mwanawe.

Mama Shanga anawaambia anapanga kuomba chumba cha mazoezi karibu na shule ya chekechea, awapate watoto mapema, wasichelewe kama yeye.

"Kesho tutakuja," mama anasema akiaga. "Lakini mwombe radhi mtoto. Amelia asubuhi nzima."

"Ni kweli amelia, na kesho nitamliza tena. Radhi siombi."