Nilimsingizia mama mkwe kuua kompyuta

Ndugu wasomaji, jina langu naomba libaki kwangu, maana bado naishi Area D na majirani wananifahamu. Kosa nililifanya mwenyewe, sikushawishiwa na mtu. Nilimsingizia mama mkwe wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, mama wa watu asiye na neno na mtu, kwamba ameua kompyuta.

Ilikuwa miaka ile soko huria limefunguka na kila kitu cha mtumba kinaingia nchini, mpaka kompyuta. Nilikuwa karani katika ofisi moja hapa Dodoma. Nikajinyima, nikanunua moja, nikaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Mtaa mzima walikuja kuiona. Nilikuwa nimesoma kozi fupi ya kompyuta, basi nikajiona bingwa.

Mke wangu alikuwa anamalizia chuo. Alitakiwa kuandika utafiti, akachagua akina mama wanaolima zabibu kwao. Alizunguka mashambani kwenye jua kali akiuliza na kuandika kwa mkono, kisha akirudi anachapa kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja. Bila utafiti ule hahitimu.

Sasa sikieni ujinga wangu wa kwanza. Alipomaliza kuchapa alitaka kuzihifadhi zile karatasi za mkono. Nikamcheka. "Karatasi za nini, Mama Tabu? Mambo yako yote yamo humu ndani." Nikazichukua, nikawashia mkaa.

Ujinga wa pili ndio ulioniumbua. Rafiki yangu wa ofisini alikuwa na mchezo wa mpira, ule wa kucheza kwenye kompyuta. Haukuenea kwenye disketi. Nikaamua nifungue kompyuta yangu, nichomoe diski ngumu, hicho kidude cha chuma ambamo kila ulichoandika kinakaa, nimpelekee anipakilie. Mke wangu alikuwa ameniambia waziwazi, "Baba Tabu, mpaka nipeleke kazi yangu ikachapishwe, mashine hii usiiguse." Nikasubiri ameenda chuo. Nikaichomoa diski, nikaiviringisha kwenye taulo, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli.

Barabara zetu wakati ule zilikuwa mashimo matupu. Nilipofika kwenye mfereji baiskeli ikaruka, mpira wa keria ukaachia, na diski ikatua kwenye jiwe. Nikaipangusa vumbi, nikarudi nyumbani bila mchezo, nikaichomeka mahali pake. Kioo kikawaka cheusi, kina maneno machache ya Kiingereza, na ndani kukasikika tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango wa choo na ndani kuna mtu.

Siku zile mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutibiwa macho hospitali. Mimi nikatoka uani kwenda kufikiri. Yeye akapita sebuleni, akaona kioo kinawaka na hakuna anayekitazama, akazima swichi ya ukutani. Kwake umeme ni kitu cha kuhurumia.

Mke wangu aliporudi akawasha, akasikia ile tak, tak. Akanigeukia.

"Umefanya nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Mdomo wangu ukaenda wenyewe. "Mama ameizima ghafla ukutani. Hizi mashine hazizimwi hivyo."

Mke wangu angemgombezaje mama yake? Mama ndiye aliyesema, taratibu, "Ni kweli, mwanangu. Nimeizima mimi." Kisha akaniuliza kama inaweza kupona. Nami nikatikisa kichwa kama daktari.

Kesho yake alifungasha. Siku ya macho ilikuwa haijafika, hakujali. Mke wangu akamsindikiza na Tabu mgongoni, akabaki naye huko, kwa sababu mama alikuwa hali chakula.

Nikabaki peke yangu na ile diski. Hatimaye nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja aliyetoka kusoma Dar, mtu wa maneno mengi. Akaigeuza, akaona pembe imebonyea.

"Bosi, hii imeanguka."

"Ilizimwa ghafla," nikasema.

"Labda ilizimwa kwa nyundo."

Akanieleza kwamba kuna dawa moja ya kubahatisha. Wanaifunga kwenye nailoni, wanailaza kwenye friza. Ikishapata baridi kali, mara nyingine inaamka. "Lakini inaamka kidogo tu, kisha inakufa moja kwa moja," akasema. "Hatutakuwa na muda wa kupekua. Niambie faili linaitwaje na liko wapi."

Sikujua. Aliyelipatia jina ni mke wangu.

Friza lilikuwa la bucha la jirani yake. Mwenye bucha akaitazama ile nailoni kwa mashaka. "Isikae karibu na maini," akasema. "Wateja wataniuliza."

Hombolo wakati ule simu zilikuwa hazijafika, kwa hiyo Jumamosi nikaenda mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga: nitamvuta mke wangu pembeni, nitamuuliza jina la faili, nitageuza. Kueleza mengine hakuna haja.

Nilipofika nikamkuta mama mkwe uani amekaa na kaka zake wawili, kama kikao. Nikatoa shikamoo. Kabla sijakaa, mjomba mkubwa akasimama.

"Mkwe, umekuja vizuri. Dada yetu amekukosea, amekuharibia mashine. Sisi mashine hatuna, ila tuna huyu." Akavuta kamba. Akatokea mbuzi jike mweusi, mwenye mimba.

Ndugu zangu, nimesema naungama, basi niungame yote. Nilinyoosha mkono nikaipokea ile kamba.

Mama mkwe akasema, macho yako chini, "Na Jumapili iliyopita nilisimama kanisani. Nikatubu mbele ya watu kwamba nimemharibia mwanangu masomo. Mchungaji ameniombea. Na wewe baba, unisamehe."

Kamba ingali mkononi, nikasema:

"Mama, hukuua kitu. Uliizima imeshakufa. Niliiangusha mimi, kwenye baiskeli, naenda kutafuta mchezo wa mpira."

Mbuzi akaendelea kutafuna. Mjomba mkubwa akaja polepole, akachukua kamba yake mkononi mwangu.

"Siku zote hizi mama yangu analia," mke wangu akasema, "na wewe unajua." Akaingia ndani.

Mama mkwe hakufoka. "Kesho ni Jumapili. Mimi nilisimama mbele ya watu. Na wewe utasimama."

Nikasimama. Kwa wazee wengi wa pale Kiswahili ni lugha ya ugenini, kwa hiyo mzee wa kanisa akawa ananitafsiria kwa Kigogo. Nikisema diski ngumu, anasema maneno marefu. Baadaye niliambiwa alikuwa anasema "tumbo la mashine". Nilipofika kwenye mchezo wa mpira akasita, akaniuliza kwa sauti mbele ya wote, "Mchezo? Wa watoto?"

"Ndiyo, mzee."

Akatafsiri. Kanisa zima likaangua kicheko, mpaka kwaya. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, anawatazama watu mmoja mmoja kwa macho yake yale mabovu.

Tulipotoka, nikamweleza mke wangu habari za fundi na jina la faili, naye akaniambia bila kunitazama, "Liko kwenye folda ya Mapishi."

"Kwa nini Mapishi?"

"Kwa sababu wewe unafuta vitu vya watu ili michezo yako ipate nafasi. Nilijua huko hutakanyaga."

Jumatatu tukaenda naye kwa fundi. Diski ikatolewa buchani imeganda, inanuka nyama. Fundi akaichomeka. Ikavuma, na safari hii haikugonga. "Haya, wapi?" akauliza. "Mapishi," nikasema. Disketi zikawa zinaingia na kutoka, mke wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili, mpaka ile tak, tak ikarudi, na baada ya hapo kimya. Haikuamka tena.

Sura zote zilipatikana isipokuwa ya mwisho, ambayo nusu yake ilikuwa vinyota na mikwaju isiyosomeka. Hiyo aliiandika upya kwa mkono, na siku hizo aliyepika, aliyefua na aliyemwogesha Tabu ni mimi. Akahitimu.

Mama mkwe nilimpeleka hospitali mwenyewe, akafanyiwa operesheni ya jicho. Lakini kulala kwetu alikataa kwa miaka. Akija mjini anakunywa chai, anamshika mjukuu, kisha anaomba asindikizwe stendi kabla jua halijashuka. Kila mara anasema ana kazi shambani. Nami kila mara najua si shamba.

Ninyi mnaonisoma, kwamba vitu vya muhimu mviweke sehemu mbili, hilo fundi yeyote atawaambia. Langu ni hili. Ukiharibu kitu na moyo ukaanza kutafuta wa kumbebesha, mtazame vizuri huyo uliyempata. Mimi nilimchagua mama yule kwa sababu hakujua kompyuta. Mtu anayejua angeniuliza swali moja tu, ningekwama. Yeye aliniamini.